Bi Mkubwa Hataki Twende Mji wa Kale

Hakuna mtu hapa mtaani anayeujua mji wa kale kunishinda mimi. Niulize lango kuu linatazama wapi, nitakuonyesha. Niulize ngazi za mawe zinapandia upande gani wa mnara wa saa, nitakuchorea kwa kidole juu ya meza. Nitakupitisha vichochoro vyote na kukurudisha ulipotoka bila kukupoteza.

Sijawahi kufika.

Mji wenyewe umechorwa kwenye sinia langu la chai. Nimeutazama kila asubuhi tangu nikiwa na meno yote. Pale penye jumba la makumbusho rangi imebabuka kwa sababu ya birika, kwa hiyo habari za makumbusho usiniulize.

Sinia aliniletea marehemu mume wetu. Nimesema mume wetu, wala sikukosea. Tulikuwa wawili. Mwenzangu ni Bi Mkubwa, mimi ni Bi Mdogo, ingawa huo udogo siku hizi umebaki kwenye jina tu. Mume wetu alikuwa dereva wa basi la mji wa kale, kazi aliyoipata mimi nikiwa nimeshaingia nyumbani kwake. Alipokufa alituachia nyumba, ua, kamba za kuanikia na pasi mbili za mkaa, nasi tukaendelea na udobi wetu: mimi nafua, mwenzangu anapiga pasi.

Watu walingoja tupigane baada ya mazishi. Wengine walikuja na viti vyao kabisa.

Hatukupigana, na sababu ni yeye mwenyewe marehemu. Hakuwa na mali. Sura nayo, Mungu amrehemu, masikio yake ungeweza kuyaanikia mashuka. Lakini alikuwa mtu wa haki. Akimletea huyu kitambaa, na huyu kitambaa. Masinia alileta mawili, tukayapima kwa kamba tukakuta ni sawasawa. Na kuhusu huo mji wa kale aliokuwa akienda kila wiki, alitupa neno moja: "Nitawapeleka wote wawili kwa pamoja, au haendi hata mmoja."

Akafa hajatupeleka. Sikumlaumu. Bi Mkubwa hakupata kitu, nami sikupata kitu, na sehemu zetu zilikuwa sawa.

Wiki iliyopita niliwaambia jinsi tulivyokata shauri kujipeleka wenyewe. Fedha ilikuwepo, sitawachosha na hesabu zake. Tungefunga udobi siku chache, tuone lango, tuone mnara, tuingie makumbusho tuangalie vyungu vya watu waliokufa zamani, na tule chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Bi Mkubwa alikubali kwa mdomo wake. Nikafungasha. Nikawaacha pale nilipotoka chumbani asubuhi na kukuta begi langu ni tupu, na nguo zangu zote za safari zimelowekwa kwenye beseni, na soksi juu yake.

Bi Mkubwa alikuwa kwenye stuli yake, anapuliza mkaa wa pasi. Hakugeuka.

"Nani kaloweka nguo zangu?"

"Mimi."

"Zilikuwa safi."

"Zilikuwa zinanuka sanduku."

"Bi Mkubwa, mimi ni dobi. Nguo ikinuka sanduku, wa kwanza kujua ni pua yangu."

"Pua yako imezeeka pamoja na wewe. Unataka watu wa kule waseme wameingia vibibi wawili wananuka dawa ya mende?"

"Tunaondoka keshokutwa."

"Zitakauka. Mvua isiponyesha."

Nikatazama juu. Mbingu zilikuwa kavu kama kisigino cha mwashi.

"Mvua gani?"

"Nimesema isiponyesha."

Akapuliza tena mkaa. Ulikuwa umeshashika zamani, mwekundu pyu, hauhitaji pumzi ya mtu. Nikamwangalia mgongo. Nimeishi na mgongo ule muda mrefu kuliko nilivyoishi na mama yangu mzazi, na siku hiyo ulikuwa umekaza kama mlango uliokomelewa kwa ndani.

Nikakunja mikono ya nguo, nikafua. Mchana zilikuwa zimekauka zote, kwa sababu jua halikuwa kwenye njama. Nikazikunja, nikaliweka kando gauni langu la bluu, lile la kuingilia mji.

"Hili nitalipiga pasi mwenyewe," nikasema.

"Tangu lini wewe ukashika pasi? Lete hapa."

"Nitajitahidi."

"Utaliunguza. Lete."

Nikampa. Kila mtu na kazi yake, ndivyo tulivyoishi. Nikarudi kwenye mashuka ya wateja, na sikuwa nimekamua hata moja niliposikia harufu.

Nilikimbia. Kwa umri wangu kukimbia ni kutembea kwa hasira, lakini nilikimbia. Gauni lilikuwa limelala kifudifudi mezani, na katikati ya mgongo palikuwa na alama ya pasi, kahawia, inafuka moshi.

Sasa nisikilizeni, maana hili ni jambo la kazi. Mtu akiunguza nguo kwa bahati mbaya, anaacha ncha, au ukingo, kwa sababu mkono unashtuka na kuinua. Alama hii ilikuwa pasi nzima, ncha mpaka kisigino. Pasi ilikuwa imelala pale ikapumzika, kama imelipia chumba.

Na aliyeishika ni Bi Mkubwa. Huyu amenyoosha mashati ya mahakimu. Amenyoosha shela za maharusi waliokuwa wanalia mlangoni wakizisubiri. Hajawahi kuunguza hata leso ya kupengea.

"Pole," akasema. "Mkono umeteleza."

"Mkono ukiteleza, pasi inatembea. Hii ilikaa."

"Basi nimezeeka. Umeridhika? Magoti yanauma, mkono unateleza, macho ndiyo haya. Na mtu wa namna hii unataka kumpandisha mnarani. Tuahirishe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nipate nafuu."

"Nafuu ya nini, ya uzee?"

Nilikiona kicheko kikimjia. Kilifika mpaka kwenye mashavu, halafu akakimeza. Hapo ndipo nilipoogopa. Bi Mkubwa amenipiga, ameninunia, aliwahi kunimwagia maji ya wanga kichwani siku ya sikukuu, lakini kicheko hajawahi kuninyima.

Nikalichukua gauni, nikaenda kwa Fundi, yule mshona nguo wa nyumba ya pili. Fundi akaligeuza, akaingiza kidole kwenye tundu, akanichungulia kupitia mgongoni mwangu mwenyewe.

"Bibi, hapa ni kiraka tu. Ukikaa hakionekani."

"Naenda kutembea mji wa kale, Fundi. Nitaukalia mnara?"

"Kwani bado mnakwenda?"

"Kwa nini tusiende?"

Fundi akaanza kutafuta sindano iliyokuwa mdomoni mwake. Mtu akitafuta kitu alichokiuma, kuna neno hataki litoke.

"Fundi."

"Mimi sitaki kuingia kwenye mambo ya wakubwa."

"Umeshaingia, na viatu umeacha nje. Sema."

"Bi Mkubwa alikuja jana. Aliniuliza kama naujua mji mwingine wenye makumbusho, unaofikika kwa basi. Nikamwambia iko mingi, lakini mji wa kale ndio wa karibu. Akasema, 'Mji wowote, Fundi, ila ule.'"

"Alisema hivyo?"

"Mara mbili. Kisha akanikataza nisikwambie. Naomba usimwambie nimekwambia."

Nikarudi nyumbani polepole, gauni begani. Kumbe magoti hayakuwa na neno. Magoti yangeweza kwenda popote. Palikuwa na kitu kule, au mtu, ambaye Bi Mkubwa hakutaka tukutane naye.

Nikageuza beseni, nikalikalia, nikawaza.

Sisi madobi tuna sheria moja. Ulichokikuta kwenye nguo ya mtu, hukukikuta. Rangi ya mdomo kwenye kola, poda ya mtoto kwenye koti la mtu asiye na mtoto, unafua, unanyamaza, unamrudishia mwenyewe akiwa msafi kuliko alivyo. Mimi sheria hiyo nimeishika hata ndani ya nyumba yangu. Mashati ya mume wetu ya safari za hapa karibu yalinuka dereva. Mashati aliyorudi nayo kutoka mji wa kale yalinukia maua.

Niliyafua miaka yote ile na kujiambia sijanusa kitu.

Sasa nikanusa. Nikajumlisha maua na gauni lililoungua na "mji wowote ila ule", na jibu likanikalia mapajani kama paka. Mume wetu alikuwa na mke wa tatu mji wa kale. Na Bi Mkubwa anamjua.

Najua wengine mtadhani nililia wivu. La. Kama alikuwa na wa tatu, basi alituibia wote wawili, mimi kama mwenzangu, na mizani yake ilikuwa bado imesimama. Ningekwenda kumtukana kaburini, nikarudi kufua. Kitu ambacho nisingeweza kukibeba ni ile mizani kulalia upande mmoja. Mimi niliolewa wa pili. Mama yangu alilia, mashoga zangu walicheka mpaka wakashikana. Nilichopata mkononi kwa aibu yote ile ni kimoja tu, kwamba ndani ya nyumba ile sikuwa nusu mtu. Hicho nimekilalia na kuamka nacho mpaka leo.

Nikaamua kumtega.

Shule niliishia darasa la nne, lakini uongo nilisomea nje. Uongo mzuri haufiki ukiwa mzima. Unampa mtu kipande, unamwacha yeye mwenyewe atafute mkia.

Nikamwendea mezani, nikaanza kumkunjia soksi za wateja.

"Bi Mkubwa, nimepiga simu mji wa kale."

Pasi ikasimama.

"Kwa nani?"

"Nyumba ya wageni. Nilitaka kuulizia chumba. Akapokea mwanamke, sauti ya mtu mzima. Nikamwambia sisi ni wajane wa yule dereva wa basi, yule wa masikio. Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, 'Namkumbuka.'"

Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa aproni, imezimika tangu juzi, baridi kama kobe.

Bi Mkubwa akaiweka pasi kwenye kibati chake, taratibu, kama anaweka mtoto aliyelala. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Amesema nini tena?"

"Amesema mengi."

"Mengi gani?"

"Mengi tu."

"Bi Mdogo. Amekwambia nini yule mwanamke?"

Sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Hata siku tulipoletewa habari za msiba hakuitoa. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikaendelea.

"Amesema yeye ni mwenzetu wa tatu."

Akanitazama. Nilisubiri avunjike. Badala yake uso ukamlegea kidogo kidogo, kama kola ya wanga iliyotumbukizwa kwenye maji, na mabega yakashuka, na kicheko alichokimeza mchana kikarudi kikiwa kimezaa watoto. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Wa tatu," akasema. "Yule mtu? Wa tatu wa nini? Alikuwa akitukuta tunagombea kiberiti, anachukua blanketi anakwenda kulala kwenye basi."

"Usicheke. Mashati yalikuwa yananukia."

"Mashati gani?"

"Aliyorudi nayo kule. Yalinukia maua. Mimi ndiye niliyeyafua, wewe uliyapata yakiwa yameshafuliwa."

Akajifuta macho kwa shuka la mteja.

"Bi Mdogo, kule kuna kiwanda cha nini?"

"Nitajuaje?"

"Cha sabuni. Katoni zilikuwa zinapangwa nyuma ya kiti chake kila akirudi, njia nzima zinamsugua mgongo. Ulitaka anuke nini, dizeli? Na vile vipande vilivyovunjika alikuwa anamletea nani?"

"Mimi."

"Ukavifanyia nini?"

Nilivifulia mashuka ya mtaa mzima.

"Miaka yote hiyo unaionea wivu sabuni," akasema, "na umeishika mkononi. Pua ya dobi hiyo."

Nilitamani beseni linifunike. Lakini nilitamani na kucheka, na nikacheka, nikamtolea simu iliyokufa nikamwonyesha. Akanipiga nayo begani.

"Mwongo mkubwa."

"Nimefundishwa na wewe. Kwa nini umeniunguzia gauni?"

Kicheko kikaisha. Akakaa kwenye stuli.

"Ile ni barabara yake," akasema. "Mji mwingine ningekwenda hata kesho. Lakini ile, kila kona nitamwona kwenye usukani. Nitaanza kulia kabla hatujatoka stendi, nawe utaniimbia mtaa mzima kwamba Bi Mkubwa amelia kwenye basi."

"Nitaimba."

"Unaona."

"Ungesema tu, Bi Mkubwa."

"Niliona aibu." Akanishika kifundo cha mkono. "Sasa sikia, ulale salama. Naapa mbele ya Mungu, hakuwa na mwanamke mwingine yeyote kule. Na mimi mji ule sijaukanyaga, simjui mtu, lango lenyewe nalijua kwenye sinia kama wewe. Umeridhika?"

Niliridhika. Nilijisikia kama kamba iliyoondolewa mashuka mabichi. Jambo moja tu sikujiuliza, na nalieleza hapa ili mjue jinsi furaha inavyompumbaza mtu. Kama hapakuwa na mwanamke wa kuogopwa kwenye simu, midomo ilimkauka kwa nini?

"Vaa viatu," akasema Bi Mkubwa. "Twende tukakate tiketi kabla sijaogopa upya."

Ofisi ya tiketi ni chumba kimoja chenye feni, benchi na dirisha la wavu. Nyuma ya meza hukaa mama mnene mwenye mvi zilizosukwa na miwani inayoning'inia shingoni. Watu humwita Mama Tiketi. Alifurahi kutuona kama tumemletea mchumba.

"Mji wa kale? Kutembea tu? Mabibi zangu, mmefanya la maana. Mimi ni wa kule kule, nimezaliwa chini ya mnara. Mama yangu alikuwa akifagia uwanja wake. Mmewahi kufika?"

"Hatujawahi," akasema Bi Mkubwa, haraka, kwa niaba ya vinywa vyote viwili.

"Basi nitawapangia kama mama zangu. Siku ya kwanza msifanye kitu, mtakuwa mmechoka. Kesho yake mwanzie langoni asubuhi, kabla jua halijawa kali, mzunguke ukuta kwa nje. Mchana mwingie makumbusho, ndani kuna ubaridi na viti. Mnara muuache jioni. Ngazi zake ni mbaya, mpande mkipumzika."

"Huyu hapandi," nikasema. "Magoti."

"Nani kasema sipandi? Nitapanda nikuache katikati unahema."

"Mchana ulikuwa unataka kuzikwa."

"Mchana ulikuwa mchana."

Mama Tiketi alicheka. Nami nilikuwa na raha, sikufichi. Nilimwona mwenzangu amejiegemeza kwenye meza, khanga imemteleza begani, anaonekana kama msichana anayepanga kutoroka. Nilijiambia kumbe mambo yote yalikuwa hofu tu, na hofu imetoka.

"Sasa kulala," akasema Mama Tiketi. "Nyumba ziko mbili. Moja mpya, iko langoni, bei yake imesimama kidogo. Nyingine ni ya zamani, chini ya mnara pale pale, safi, na asubuhi wanawapa chai."

"Chini ya mnara," nikasema. Nilitaka nifungue dirisha nione sinia langu likiwa na ukubwa wake wa kweli.

"Hapana," akasema Bi Mkubwa. "Andika ya langoni."

"Tulipie zaidi kwa lipi?"

"Kwa usingizi. Ile saa haikuachi ulale, Bi Mdogo. Kila robo inapiga. Na haipigi hivi hivi, inakohoa kwanza. Khee, khee, khee, kama mzee anayetafuta kohozi, mpaka unabaki macho kodo ukiisubiri imalize. Ukishaanza kusinzia, khee, nyingine."

Alikiigiza kile kikohozi vizuri mno, mkono kifuani, shingo mbele. Nilicheka mpaka nikapiga meza.

Mama Tiketi hakucheka. Alivaa miwani akamtazama Bi Mkubwa, na uso wake ulikuwa umejaa kitu kama mapenzi.

"Bibi, hebu kifanye tena."

"Nini?"

"Hicho kikohozi."

"Natania tu. Saa zote kubwa zinakohoa."

"Hazikohoi, bibi. Ni ile peke yake. Kulikuwa na gurudumu ndani limelegea, linaburuza kabla ya kengele. Na tulikuwa tunalisikia sisi tuliolala chini yake tu. Ukivuka uwanja huupati ule mlio, unapata kengele basi." Akavua miwani akaifuta. "Saa ile ilikufa mimi sijaanza shule. Haijapiga tena mpaka leo, wameiacha kama pambo. Tangu mama yangu afariki sijasikia mtu akikifanya kikohozi kile. Umenirudisha kitandani kwake."

Feni ilikuwa inazunguka. Niliusikia waya wake unavyogonga.

"Nilisimuliwa," akasema Bi Mkubwa.

"Na nani?" nikauliza.

"Na marehemu. Si alikuwa akilala kule?"

Lilikuwa jibu zuri. Nililipokea kwa mikono miwili. Marehemu alikuwa akilala kule kila wiki, na marehemu alipenda kusimulia, na kama mimi hakunisimulia kikohozi, labda siku hiyo nilikuwa nimelala mapema. Ningelala nalo lile jibu mpaka kufa kwangu kama Mama Tiketi asingekuwa mtu mwema anayependa kukumbuka kwao.

"Mume wenu alikuwa dereva?" akauliza. "Ah, basi hakulala mjini. Madereva walikuwa wanalala karakana, nje ya ukuta kabisa, kwenye vitanda vya kampuni. Huko hata kengele haifiki. Sisi watoto tulikuwa tunatumwa kuwapelekea chai. Hakuna dereva aliyelala uwanjani, labda yule aliyekuja na mkewe. Hao ndio walikuwa wanachukua chumba chini ya mnara, maana mwanamke huwezi kumlaza karakana."

"Na mkewe," nikasema.

"Ndiyo, mama. Walikuwepo wachache, wenye mapenzi yao."

Bi Mkubwa aliikusanya khanga yake kutoka mkononi, akairudisha begani, akaikaza.

"Andika tiketi tuondoke," akasema. "Tumeacha mashuka kwenye kamba."

"Haya, haya. Ila bibi, niambie tu, nikimpigia dada yangu usiku nimsimulie. Ulilala chumba kipi? Cha uani, au kile cha juu cha ngazini?"

Mama Tiketi aliuliza kwa upole, kalamu mkononi, anatabasamu. Hakujua anachouliza.

Nikamgeukia mwenzangu. Nilitaka aseme hajawahi kufika. Alikuwa amelisema neno hilo siku ile ile, kwa kiapo, na kinywa chake kilishalizoea. Angelisema mara moja zaidi ningelichukua, naapa kwenu, ningelikunja vizuri nikaliweka kabatini, na kesho yake ningeamka nikafua.

Hakumtazama Mama Tiketi. Alikuwa ananitazama mimi.

"Cha ngazini," akasema.